Siti ya pikipiki inakuumiza? Usiongeze godoro, rekebisha umbo lake kwanza

Wadau wa pikipiki, hii nawaandikia hasa nyie mnaokaa juu ya siti kutwa nzima, madereva boda, wapeleka mizigo, mabwana shamba wanaozunguka vijiji na wale wanaotoka Dar kwenda Moro na kurudi siku hiyo hiyo. Makalio yakianza kuwaka moto watu wengi wanakimbilia jibu moja tu, mtu anaenda kwa fundi anamwambia niongezee sponji siti iwe laini, fundi anachukua kipande cha godoro anakibandika juu, anavuta kava mpya, unalipa unaondoka raha mustarehe. Wiki chache mbele maumivu yamerudi na safari hii yamekuja na mgongo. Naomba niseme mapema kabisa, tatizo la siti nyingi za Boxer, TVS, Haojue, Sanlg na zingine za kundi hilo sio kwamba ni ngumu. Tatizo ni umbo lake, na sponji kuchoka. Ukilielewa hilo pesa yako haitapotea.

Iko hivi. Ukikaa, uzito wako kuanzia kiunoni kwenda juu unabebwa zaidi na mifupa miwili ya chini ya makalio, mmoja kulia mmoja kushoto, ukikaa kwenye benchi la mbao unaisikia kabisa. Sponji laini ya godoro inaachia tu, mifupa inazama mpaka inakutana na plastiki ya chini, hapo ile sponji yote nene unayoiona pembeni haifanyi kazi yoyote, umekalia plastiki. Sponji iliyoshiba inazama kidogo alafu inasimama, kwahiyo nyama za makalio na mapaja nazo zinashiriki kubeba uzito. Ndio maana siti nzuri ukiibonyeza dukani unaiona ngumu lakini masaa mawili barabarani bado uko fiti, na ile ya godoro dukani tamu barabarani chungu.

Inauma wapi hasa?

Hili swali usiliruke, ndilo linaloamua utafanya nini. Endesha safari yako ya kawaida, ikianza kuuma simama pembeni pa usalama uangalie ni wapi.

Kama ni zile sehemu mbili za makalio, sponji imekufa au sehemu ya kukalia ni nyembamba kuliko mifupa yako ilivyoachana. Kama ni kifandugu, kile kimfupa cha mwisho kabisa wa uti wa mgongo, basi umekaa umejikunja, unakalia mkia badala ya makalio, na mara nyingi ni kwasababu siti imebonyea upande wa nyuma ikatengeneza shimo linalokulaza. Kama ganzi inaingia sehemu za mbele ujue siti imeinamia tangi, kila ukishika breki unateleza kwenda mbele na unakalia mahali ambapo hapakuumbwa kukaliwa. Hiyo ganzi usiichukulie poa, ni mishipa ya fahamu na ya damu inabanwa, na kama inabaki hata baada ya kushuka nenda kamuone daktari, hilo sio la fundi. Kama mapaja kwa ndani yanachubuka au miguu inakufa ganzi, kingo za siti ni kali au siti ni pana sana kule mbele karibu na tangi.

Alafu kuna maumivu ya kiuno na mabega. Hapo siti inaweza isihusike hata kidogo, kwahiyo kabla hujafungua bolti yoyote angalia vitu vichache. Upepo wa tairi kwanza, madereva wengi wanajaza tairi la nyuma mpaka linakuwa gumu kama jiwe kwasababu ya mizigo, alafu siku wako peke yao wanalalamika siti. Soma kibandiko kwenye pikipiki au kitabu chake, upepo wa kuwa peke yako na wa kuwa na abiria ni tofauti. Kisha shokapu za nyuma, ukiona mafuta yametambaa kwenye ile fimbo ujue imekufa na hakuna siti duniani itakayokuokoa na matuta. Nyingi zina kola yenye ngazi kwenye springi, ukiwa na mzigo unapandisha, ukiwa mwenyewe unashusha. Na wale waliofunga vipande vya mpira katikati ya springi ili isizame na gunia, vitoeni siku ya safari ndefu isiyo na mzigo. La mwisho toa waleti mfuko wa nyuma. Waleti inainua upande mmoja wa makalio, kiuno kinapinda, na unaendesha umepinda siku nzima.

Ukimaliza hayo na bado inauma, sasa twende kwenye siti yenyewe.

Kupima mifupa yako

Chukua kipande cha boksi, lile la kaki lenye mawimbi ndani, liweke kwenye ngazi ya saruji au benchi gumu, vaa kitu chepesi kama bukta, likalie umenyooka, nyanyua visigino kidogo na jisukume chini kama dakika moja. Ukinyanyuka utakuta mabonde mawili, kama huyaoni pitisha vidole au tumia tochi ya simu kwa pembeni. Pima kutoka katikati ya bonde moja hadi katikati ya lingine. Kwa watu wengi inaangukia kati ya sentimita 10 na 14, wanawake kwa wastani inakuwa pana kidogo, na haina uhusiano na unene wa mtu, kuna bonge ana 11 na mwembamba ana 13.

Hiyo namba andika. Sehemu ya kukalia inatakiwa iwe tambarare kwa upana huo na kuongeza sentimita 4 hivi kila upande. Sasa nenda kaangalie siti yako. Inaweza kuwa pana kwa macho lakini juu imeumuka katikati na kushuka pande zote mbili, kwahiyo mifupa yako inakalia mteremko, na ule mwinuko wa katikati ndio unakuja kukubana pale pabaya. Siti nyingi za pikipiki za biashara ziko hivyo, na hilo ndilo jambo la kwanza la kurekebisha kabla ya kufikiria kuongeza hata sentimita moja ya sponji.

Kufungua

Hapa ni haraka. Pikipiki nyingi za aina hii siti inashikwa mbele na ulimi unaoingia kwenye fremu chini ya mwisho wa tangi, na nyuma na bolti mbili, moja kila upande, wakati mwingine zimejificha nyuma ya kava za pembeni zinazofunguliwa kwa ufunguo. Spana namba 10 au 12 mara nyingi inatosha. Ukitoa bolti unanyanyua nyuma alafu unavuta siti kuelekea keria. Piga picha kabla na wakati wa kufungua, washa za mpira na bushi ndogo za chuma zinapotea kirahisi sana.

Geuza siti uikague chini. Angalia nyufa kwenye plastiki, na angalia zile raba ndogo zinazokaa kati ya plastiki na fremu. Watu wanazidharau lakini ndizo zinazobeba uzito wako kuupeleka kwenye fremu, zikikosekana plastiki inacheza, inapasuka, na kila shimo la barabarani unalisikia kwenye uti wa mgongo. Zikiwa zimepotea kata mpira wa tairi kuukuu wa unene uleule, funga na bolti fupi au gundi.

Sasa pini, zile zinazoshika kava kwenye plastiki. Ingiza bisibisi bapa nyembamba chini ya kila pini, inyanyue upande mmoja, malizia na plaizi. Zikusanye zote kwenye kopo usiache chini, ni nzuri sana kwa kutoboa tairi. Siti za zamani zenye bati chini hazina pini, kava limenaswa kwenye meno ya bati, unayainua taratibu na bisibisi ili yaweze kutumika tena. Kava la zamani usilitupe hata kama limechanika, ndio mchoro wako wa kukatia jipya, na tutalihitaji kwenye majaribio.

Sponji ikiwa imelowa, na mara nyingi imelowa kwasababu kava lilitoboka mwaka juzi, ikande na taulo kavu alafu iache kivulini sehemu yenye upepo mpaka ikauke kabisa. Usiianike kwenye jua kali siku nzima, inakuwa ya njano na inaanza kumeguka. Gundi kwenye sponji mbichi haishiki, kwahiyo usifanye haraka hapa.

Sponji, na jinsi ya kuitambua bila kudanganywa

Hapa ndio penye pesa, nitakaa kidogo.

Dukani utaambiwa hii ni heavy, hii ni ya Keko wanayotumia kwenye makochi, hii ni ya gari. Maneno hayo hayapimiki. Kinachopimika ni uzito. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa 10, kama sponji ni ya unene wa sentimita 5 panga vipande viwili, kiweke kwenye mzani mdogo wa jikoni au wa sonara. Idadi ya gramu utakayosoma ndio idadi ya kilo kwa mita moja ya ujazo, kwasababu hicho kipande ni lita moja kamili. Godoro la kawaida la bei nafuu litakupa gramu 16 hadi 20 hivi, godoro zuri 25 hadi 30. Sponji ya kiwandani ya siti ya pikipiki, ile iliyomiminwa kwenye umbo, inacheza kwenye 50 na zaidi. Ukishaona hizo namba utaelewa mwenyewe kwanini kipande cha godoro hakikai mwezi chini ya mtu wa kilo 75 na abiria nyuma.

Uzito sio kitu kilekile na ugumu, unaweza kupata sponji nzito ambayo sio ngumu sana, na hiyo ndio tamu zaidi. Lakini sponji nyepesi haidumu, hilo halina mjadala.

Kuna ile ya vipande vya rangirangi vilivyosagwa na kugandishwa pamoja, inaonekana ya kimaskini, wengi wanaidharau. Mimi naipenda sana kwa safu ya chini. Ni nzito, mara nyingi inapita 60 na kuendelea, haizami hovyo, na bei yake haitishi. Ubaya wake ukikaa juu yake moja kwa moja ni ngumu, kwahiyo juu yake unaweka safu ya sentimita 1 au 1.5 ya sponji laini kidogo iliyoshiba. Chini ngumu ya kubeba, juu laini ya kupokea. Kingine kinachofaa chini ni mpira mwepesi wa EVA, zile mkeka za mazoezi au za watoto zinazounganishwa. Huo haunywi maji kabisa, ila unene wa sentimita 1 unatosha, ukizidisha siti inakuwa ubao.

Kuhusu jeli, wengine wananunua vipande vya jeli wanavizika kwenye siti. Inasaidia kusambaza uzito lakini kwa jua la Dodoma au Mombasa pikipiki ikiegeshwa nje inabeba joto na kulitunza, ukikaa unaruka. Kama pikipiki yako inakaa kivulini muda wote jaribu, mimi siipendekezi kwa bodaboda.

Na swali la siti ya kiwandani bado nzima lakini inauma? Usiitupe. Sponji ya kiwandani ambayo haijachoka ni bora kuliko karibu chochote utakachopata mtaani, wewe ichonge tu umbo na ujaze palipobonyea. Kuipima kama imechoka, kandamiza kwa ngumi kwa nguvu pale unapokalia, ukihisi plastiki haraka na ikichelewa kurudi, imekwisha. Linganisha na sehemu ya abiria ya siti hiyohiyo.

Kuchonga

Kabla ya kisu, rudisha siti bila kava kwenye pikipiki, simamisha pikipiki kwenye magurudumu yake sehemu tambarare na mtu aishike, usitumie stendi ya kati maana inainua na kubadilisha mlalo wote. Wewe kaa. Mwenzako aweke pima maji, au simu yenye programu ya kupima usawa, kwenye sehemu ya kukalia karibu na paja lako, na achore kwa maka pin mahali makalio yanapoishia nyuma, mbele na pembeni. Siti inatakiwa iwe sawa, au mbele iinuke kidogo sana. Ikiwa inaelekea kwenye tangi umeshajua kwanini unateleza.

Sasa cha kufanya ni kimoja kati ya viwili. Ukiwa na miguu mirefu unaweza kujenga juu, sentimita 2 au 3, na magoti yatakushukuru maana yanakunjuka. Ukiwa mfupi au unabeba mizigo mizito, kunyanyua siti kunakunyima kukanyaga chini vizuri na hapo usalama unapungua, mtu anayegusa chini kwa vidole tu akiwa na gunia mbili za mkaa nyuma anaanguka kwenye foleni. Kwa huyo, chimba. Unachimba eneo lote ulilochora, sentimita 3 au 4 kwenda chini, ukiacha angalau sentimita 2 za sponji ya zamani juu ya plastiki, alafu unajaza na zile safu mbili nilizosema. Kimo kinabaki kilekile, ubora unabadilika kabisa.

Kukatia tumia kisu cha mkate chenye meno au msumeno mwembamba wa chuma ulioshikwa bila fremu yake, kata kwa mikato mirefu bila kukandamiza, ukikandamiza sponji inakwepa na unapata mabonde. Kulainisha tumia grainda na diski ya msasa mkwaruzo, namba 40 hivi, gusa kwa wepesi sana, grainda inakula sponji haraka kuliko unavyodhani. Vaa barakoa na miwani, lile vumbi ni baya kifuani. Kama huna grainda msasa uliofungwa kwenye kipande cha ubao unafanya kazi hiyohiyo ila unachukua mchana mzima.

Umbo lenyewe, futa ule mwinuko wa katikati pale unapokalia mpaka pawe tambarare kwa upana ulioupima. Kuelekea tangi punguza upana taratibu, na zile kingo ambako paja linashuka zizungushe ziwe duara, ndizo zinazokata damu ya miguu. Kati yako na abiria acha kingo ndogo ya kuegemea chini ya kiuno, ila isiwe ukuta. Siti inayokufunga sehemu moja ni nzuri dakika ishirini za mwanzo tu, safari ndefu lazima uweze kusogea mbele na nyuma kidogo, mwili unahitaji kubadilisha pa kukalia.

Gundi tumia ile ya mafundi viatu. Paka nyembamba pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa kwa kidole haing'ang'anii, dakika 5 hadi 10 kutegemea joto, ndio ubandike, na ukishabandika hakuna kusogeza kwahiyo lenga vizuri. Usipake nene, gundi ikikauka nene inakuwa ganda gumu na utalisikia. Fanyia nje, mbali na jiko na sigara, mvuke wake unashika moto na unalewesha. Acha mpaka kesho.

Jaribu kabla ya kava jipya

Mafundi wengi hawafanyi hili na sio kosa lao, mteja anasubiri pale na anataka kuondoka. Lakini wewe unayejifanyia mwenyewe, au uliyeongea vizuri na fundi, fanya. Funika sponji na nailoni, vaza kava la zamani, lifunge na vipande vya tyubu kuzunguka siti, nenda ukaendeshe. Sio kuzunguka mtaani, nenda mwendo wa saa moja na nusu au zaidi bila kushuka. Sponji inabadilika ikipata joto la mwili na siti mbaya inajificha nusu saa ya kwanza. Kama kuna mahali panakusumbua rudi, chora, toa au ongeza kidogo, jaribu tena. Milimita 5 kwenye kifandugu ni tofauti kubwa sana.

Kava

Chagua reksini yenye kitambaa mgongoni na inayovutika kidogo pande zote, sio ile ya vitambaa vya meza. Shika kipande ukikunje na kukikunjua mara kadhaa, ikionyesha mistari myeupe itapasuka ndani ya msimu mmoja wa jua. Rangi nyeusi inapendeza na kuficha uchafu lakini inakusanya joto, kijivu au kahawia inakuwa nafuu kwa wanaoegesha juani.

Najua tunapenda kava zenye nembo ya Simba au Yanga, jina la mtoto, nyota na miali, na sina shida na hilo, pikipiki ya mtu ni fahari yake. Ombi langu ni moja, mapambo na mishono yote iende pembeni na nyuma. Mshono ukipita mahali unapokalia unakuchoma kila siku, na kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Uzi uwe wa nailoni au polista, uzi wa pamba unaoza kwa jasho na mvua.

Kati ya sponji na kava weka nailoni nyembamba, hata ya kufungia mizigo, imeshikwa na gundi kidogo pembeni. Inazuia maji, na inasaidia kava kuteleza vizuri wakati wa kuvuta.

Anika kava juani robo saa lilainike. Anza kubana mbele katikati, pini mbili tatu, kisha nyuma katikati, kisha katikati ya kila ubavu, alafu unatembea kuelekea kwenye kona ukivuta kushoto na kulia kwa zamu. Kona acha mwisho, kunja mikunjo midogo mingi badala ya mmoja mnene. Pini za miguu ya milimita 6 zinatosha plastiki nyingi, ndefu zaidi zinaweza kutokeza upande wa pili pale sponji ilipo nyembamba na sitaki kuelezea zaidi. Ziachane sentimita 1.5 hadi 2. Kama bunduki ya pini ya mkono inashindwa kuingia kwenye plastiki, weka plastiki juani kwanza ipate joto.

Usivute mpaka kava lilie. Kava likikazwa kupita kiasi linaikandamiza sponji kabla hujakaa, na kazi yako yote ya kuchonga inabanwa na kuwa umbo lingine. Likae bila makunyanzi, basi.

Kurudisha, hakikisha ulimi wa mbele umeingia kabla ya kufunga bolti za nyuma, shika siti kwa mikono miwili uitikise. Kama siti yako ina bati chini, angalia kofia ya mpira kwenye nguzo ya chanya ya betri ipo, bati likigusa pale na fremu pamoja unapata cheche chini ya makalio karibu na tangi la petroli. Baada ya siku chache za kuendesha kaza bolti tena.

Ukimpelekea fundi

Sio kila mtu ana muda, sawa. Nenda na namba yako ya mifupa na sponji uliyoinunua na kuipima mwenyewe, na umwambie hivi: fundi usiniongezee kimo, nataka uchimbe hapa nilipochora, uweke hii ngumu chini na hii laini juu, juu pawe tambarare, mbele pawe pembamba, na mshono usipite hapa. Kaa naye. Akisema godoro linatosha mwambie asante lakini tumia hii niliyokuja nayo, lipa kazi yake vizuri maana kuchonga ni kazi kuliko kubandika. Fundi mzuri ataelewa mara moja na atafurahi kupata mteja anayejua anachotaka.

Kama huna pesa ya haya yote mwezi huu, yale makava ya wavu mnene yanayovaliwa juu ya siti yanasaidia zaidi ya watu wanavyofikiria, sio kwa maumivu ya mifupa ila kwa jasho na joto, hewa inapita na vipele vinapungua. Lifunge imara lisitembee. Na usifunge foronya wala kipande cha sponji juu ya siti kwa kamba, kwenye kona kinahama na wewe ukiwa juu yake.

Abiria

Madereva boda hapa nawaomba. Tunatengeneza sehemu ya dereva inakuwa safi alafu nyuma tunaacha mteremko, na mteremko ule unaelekea mbele. Kila ukishika breki abiria anakuja mgongoni kwako, anakusukuma kwenye tangi, umerudi kulekule kwenye ganzi. Kwahiyo pima na nyuma na pima maji mtu akiwa amekaa, sawazisha, weka sponji iliyoshiba ileile, usimuwekee mabaki. Mama aliyetoka kliniki na mtoto mgongoni, mzee wa miaka sabini, hao hawana usukani wa kushika, wanategemea siti na ule mshikio wa nyuma tu, hakikisha kazi yako haikuuficha au kuulegeza. Na sehemu hiyo ni ya mtu mmoja, urefu uliobaki baada ya kujitengenezea kingo ya kuegemea hautoshi mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, na usijaribu kuifanya itoshe.

Ukimaliza mkalishe mtu nyuma, mzunguke naye barabara ya vumbi na ya lami, umuulize anateleza au hatelezi, na miguu inafika kwenye vikanyagio bila magoti kukugusa mbavuni. Akisema anateleza fungua tena urekebishe kabla hujaanza kubeba watu.